Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtoto wa pwani huijua methali hii kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine. Katika visiwa vya Lamu, na katika miji mingi ya nchi zetu, husikika neno linaloipinga methali hiyo uso kwa uso. Neno lenyewe ni hili: "Wageni wametunyang'anya kazi." Husemwa barazani, husemwa sokoni, husemwa gatini, na kwa bahati mbaya husemwa hata madarasani, na vijana ambao hawajapata kufanya kazi yo yote wala hawajanyang'anywa kitu. Nimekusudia katika insha hii kulipinga neno hilo. Nasema kwamba si kweli. Nasema kwamba ni dhuluma. Tena nasema kwamba hasara yake kubwa itamwangukia kijana anayelisema kuliko mgeni anayesemwa.

Ili maneno yangu yasielee hewani kama moshi, nitatumia mfano wa kazi moja ndogo. Sitasema juu ya mwenye meli wala mwenye benki, maana watu wa namna hiyo wana watetezi wao. Nitasema juu ya fundi vioo. Huyu ni mtu anayetia vioo katika madirisha, milango, makabati ya maduka na fremu za picha, naye huishi kwa mapatano: hupima, hutaja bei, hupokea arubuni, hufanya kazi, kisha hungoja kulipwa kilichobaki. Sitamtaja kwa jina, kwa sababu simkusudii mtu mmoja. Namkusudia kila fundi mgeni aliyeteremka gatini Lamu na mkoba mmoja wa zana. Aweza kuwa ametoka Ukambani au Tanga, Yemeni au Gujarati. Hana ukoo mjini, hana shamba, hana mjomba katika ofisi. Ana macho yake, mikono yake, na jina ambalo bado halijulikani.

Watu hudhani kwamba kazi yake ni nyepesi. Wamekosea. Dirisha la nyumba ya kale halina pembe za mraba kamili. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mbao zimekaa miaka mingi katika hewa ya chumvi, na kila upande umejikunja kwa namna yake. Fundi hapimi urefu na upana tu. Hupima pia toka pembe hata pembe, mara mbili, apate kujua dirisha limekwenda upande kiasi gani. Kisha hupunguza milimita chache kila upande, kwa sababu kioo kilichobanwa chaweza kupasuka siku ya jua kali pasipo kuguswa na mtu. Hukikwaruza kwa gurudumu dogo la chuma kigumu, mkwaruzo mmoja tu, kwa mkono usiotetemeka. Akirudia mkwaruzo juu ya mkwaruzo, kioo huvunjika kinapotaka chenyewe, si anapotaka yeye. Katika kazi nyingi mtu akikosea hufuta. Katika kazi hii hakuna kufuta.

Na kabla ya kufika mezani kwa fundi, kioo kimekwisha kusafiri safari ndefu. Kimenunuliwa Mombasa, kimepanda lori kwa njia ya Garsen na Witu mpaka Mokowe, kimeshushwa katika mashua na kuvushwa mpaka Lamu, kisha kimepita vichochoro visivyopitisha gari, juu ya mkokoteni au mabegani mwa wachukuzi. Safari yote hiyo kioo husimamishwa wima, maana kikilazwa huelekea kupasuka kwa uzito wake na kwa mitikisiko ya njia. Tuseme fundi amenunua vioo 20, na 3 vimevunjika njiani. Mwenye nyumba hatalipa vioo 20. Atalipa 17 vilivyotiwa madirishani. Vile 3 ni hasara ya fundi. Tuseme tena kwamba mwenye nyumba amelipa nusu, na nusu ya pili amesema kesho, na kesho hiyo imekuwa mwezi. Fundi hana wazee wa ukoo wa kumdaia. Akidai kwa ukali ataambiwa, "Mgeni huyu hana adabu." Akinyamaza, hatapata fedha za kununulia vioo vya kazi inayofuata. Kati ya adabu na njaa ndipo biashara yake inapojengwa.

Lakini hujengwa. Mwanzo hutia vioo vilivyovunjwa na mpira wa watoto. Baadaye hupewa makabati ya duka. Mwenye duka akiridhika humwambia jirani yake, na jirani humwambia mwingine, mpaka siku moja fundi huitwa kutaja bei ya madirisha ya shule nzima au ya zahanati. Sasa yampasa kuwa na wasaidizi, leseni, daftari la hesabu, na akiba ya kuwalipa watu kabla yeye mwenyewe hajalipwa. Siku hiyo ndipo watu wa barazani humwona kwa mara ya kwanza. Siku alizolala na njaa hawakumwona. Vioo vilipomvunjikia hawakumwona. Wamemwona siku aliyoandika jina lake juu ya mlango wa karakana, nao husema, "Tazameni, mgeni ametajirika kwetu."

Basi na tuulize kama waamuzi wa haki: mtu huyu amechukua nini cha nani? Mwizi huchukua kitu kilichokuwa mikononi mwa mwenyewe. Nani mjini alikuwa ameishika kazi ya vioo, mgeni akaja kumpokonya? Mara nyingi jawabu ni kwamba hapakuwa na mtu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati na makaratasi, na mwenye duka alilazimika kumleta fundi kutoka Mombasa na kumlipia nauli na malazi. Kazi ilikuwa imelala njiani kama sarafu iliyoanguka. Wengi waliipita, wengine waliikanyaga, na mmoja aliinama akaiokota. Sasa waliokanyaga wanamwita aliyeinama mwizi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aliyekataa kuinama hana haki ya kulalamika kwamba mvungu umesafishwa.

Hapa ndipo ninapotaka kusema nawe, mwanafunzi, bila kukuficha. Upo ugonjwa katika shule zetu, nao ni dharau ya kazi ya mikono. Kijana akifunzwa kuandika, hudhani kwamba mkono ulioshika kalamu umeharamishiwa nyundo. Wazazi nao huutia ugonjwa huo kuni, kwa kumwambia mtoto, "Soma, usije ukawa fundi." Maneno hayo hayakutoka kwa mababu. Waliotuachia nyumba za mawe zenye zidaka zilizonakshiwa walikuwa mafundi. Siu ilipata sifa kwa milango yake iliyochongwa na kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono, na mkono wa mwandishi haukujiona bora kuliko mkono wa mchongaji. Matondoni ina heshima katika visiwa vyote kwa sababu ya waundaji wa majahazi. Hakuna nahodha aliyemdharau mwundaji, maana alijua kwamba katikati ya bahari uhai wake ulining'inia katika msumari uliopigwa na mtu yule.

Tena ni ujinga kudhani kwamba elimu ya shule haina kazi katika karakana. Fundi apimapo dirisha toka pembe hata pembe, anatumia kanuni ya pembetatu ambayo wewe huikariri kwa mtihani na kuisahau baada ya mtihani. Afanyapo hesabu ya vioo vilivyovunjika, ya nauli, ya ujira na ya faida, anafanya hesabu za asilimia. Na kioo chenyewe ni somo la kemia: ni mchanga, magadi na chokaa, vilivyoyeyushwa pamoja katika moto wa zaidi ya nyuzi 1,500 za sentigredi. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya risasi nyeupe iliyoyeyuka nayo, kikaelea na kutandazika sawasawa pande zote mbili, na tangu hapo vioo vya madirisha vikaenea duniani kwa wingi usiopata kuwako. Kijana aliyesoma, akiingia kazi hii, haingii shimoni. Huingia na taa mahali ambapo wengine huingia kwa kupapasa.

Najua nitajibiwa: "Haya, kazi haikuibwa, lakini mtu huyu si wetu." Jawabu hili lina sauti kubwa, lakini halina mizizi. Waliofukua magofu ya Manda, kuanzia mwaka 1965, chini ya Neville Chittick, walikuta mji uliokuwa na watu tangu karne ya 9, na ndani ya udongo wake walikuta vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa na bahari kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi. Basi kioo hakikuja Lamu jana. Kilikuja zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kikapokewa, kikanywewa. Sahani zilizopamba zidaka za waungwana zilitoka China. Masharifu walitoka Hadhramaut. Maduka ya njia kuu na nyumba zenye roshani za kando ya bahari zilijengwa kwa fedha za Wahindi waliokuja kufanya biashara katika karne ya 19. Ukimwondoa Lamu kila mgeni na kila kilicholetwa na mgeni, utabaki na mchanga wa Shela na mikoko, navyo havitakuambia ni nani mwenyeji.

Nitatoa mfano mmoja ulio mkubwa kuliko vioo. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, aliishi Lamu mgeni aliyetoka visiwa vya Komoro. Aliitwa Habib Saleh. Hakukaa na wakubwa wa Mkomani ili apate kukubaliwa. Alikaa na wanyonge wa Langoni, akawafundisha dini watumwa na watoto wa watumwa, wakati ambapo utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa katika nchi hii. Haukukomeshwa mpaka mwaka 1907. Wako waungwana waliochukizwa. Kwao elimu ilikuwa mali ya ukoo, naye mgeni alikuwa akiwagawia wasiostahili. Lakini leo ni nani Lamu asiyejivunia Msikiti wa Riyadha aliouanzisha? Maulidi ya Lamu huwaleta watu kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki, nao huja kwa sababu ya mgeni yule. Waliomkataa hawatajwi, aliyekataliwa ndiye fahari ya mji.

Sitaki kushinda kwa kuwanyamazisha wenye hoja. Wenyeji wa Lamu wana malalamiko ya kweli, na asiyeyasema ni mwoga. Tangu miaka ya 1970 serikali iliwapa watu kutoka bara ardhi katika mpango wa makazi ya Ziwa Kenyatta, huko Mpeketoni, hali jamaa nyingi za wenyeji zililima mashamba ya babu zao pasipo hati. Ujenzi wa bandari kubwa ulizinduliwa mwezi wa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kati ya miaka hiyo wavuvi waliona maji waliyoyavua tangu utoto yakichimbwa na kufungwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hayo ni mambo mazito, na wavuvi wale walionyesha njia ya kuyadai: kwa sheria, kwa hoja na kwa umoja.

Lakini angalia jinsi hila inavyoingia hapa. Aliyegawa ardhi ni serikali. Aliyechimba bandari ni serikali na makampuni makubwa. Fundi vioo hakugawa ardhi wala hakuchimba bandari. Yeye hulipa kodi ya chumba, hununua samaki kwa bei ya soko, na hungoja deni lake kama mtu mwingine. Kwa nini basi hasira ya ardhi imshukie yeye? Kwa sababu yu karibu, naye hana nguvu. Mtu aliyepigwa na simba akarudi nyumbani kumpiga paka hajalipiza kisasi, amejidhalilisha tu. Yatupasa kupambanua mgeni anayekuja na hati ya kuchukua na mgeni anayekuja na zana za kufanya kazi. Asiyepambanua hao wawili hataipata ardhi yake, na fundi atamkosa.

Hoja ya pili husema kwamba wageni huuficha ufundi wao, wakaajiri ndugu zao tu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami sitaikana. Wako mafundi ambao hupima dirisha huku wamempa mgongo msaidizi, asije akaona. Hao wanastahili kulaumiwa. Lakini jiulize pia: ni vijana wangapi wa mjini waliokwenda kuomba kufundishwa, wakakubali kufagia vipande vya kioo mwaka mzima kabla ya kuaminiwa kukata? Fundi humfundisha ndugu yake kwa sababu ndugu yake alikuja asubuhi. Mlango uliofungwa hulaumiwa na aliyebisha, si na aliyepita mbali.

Hoja ya tatu husema kwamba vioo na alumini vinauharibu mji wa kale, ambao UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hofu hii ni njema, lakini imeelekezwa kwa mtu asiye wake. Nyumba ya Lamu ilijengwa kutazama ndani. Vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazizidi urefu wake, na ubaridi wake hutoka kiwandani, si barabarani. Dirisha pana la kioo katika ukuta wa namna hiyo ni kosa. Lakini nani huagiza dirisha hilo? Ni mwenye nyumba, naye mara nyingi ni mwenyeji. Fundi mgeni hajui historia ya ukuta mpaka aambiwe. Kama mwashi wa Lamu na fundi vioo wangefanya kazi pamoja, mmoja angejua mahali kioo kinapofaa, na mwingine angejua jinsi ya kukitia. Utengano wao ndio unaouharibu mji.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwafukuza wageni, na kazi zitabaki kwa wenyeji. Dawa hiyo imekwisha kunywewa na jirani zetu, nasi twajua ladha yake. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Kihindi siku 90 waondoke Uganda. Waliondoka kwa maelfu. Wapatao 27,000 walipokewa Uingereza. Maduka na karakana viligawanywa, vingi vikatwaliwa na askari na rafiki za watawala. Wengi walishangilia siku ya kugawana. Kisha bidhaa ziliisha rafuni, na aliyepewa duka hakujua mahali pa kununua bidhaa nyingine. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilizorota, na nchi iliyokuwa ikiuza sukari ikakosa hata ya kutia katika chai. Baadaye serikali nyingine iliwaita wenye mali warudi. Funzo lake ni jepesi: waweza kumnyang'anya mtu duka kwa siku moja, lakini huwezi kumnyang'anya ujuzi. Ujuzi huondoka naye katika kichwa chake, nawe hubaki na kufuli.

Tena liko jambo zito kuliko umaskini. Neno la dharau halikai neno siku zote. Mwezi wa Juni 2014 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Wengine waliouawa walikuwa wakitazama mpira. Waliokufa katika siku chache zile walizidi 60, wengi wao wakiwa watu waliohesabiwa kuwa wageni. Kundi la Al-Shabaab lilidai kwamba ndilo lililotenda. Sisemi kwamba mzee wa baraza aliyelalamika juu ya wageni alishika bunduki. Kusema hivyo kungekuwa dhuluma nyingine. Nasema kwamba muuaji hutafuta mahali ambapo watu wamekwisha kugawanywa kuwa "hawa" na "wale," akapitisha kisu chake katika mpasuko huo. Fundi vioo hujua habari hii: kioo hufuata mstari uliokwisha kukwaruzwa. Basi na tuangalie tunakwaruza nini kwa ndimi zetu.

Tukumbuke pia kwamba sisi wenyewe ni wageni kwa wengine. Katika vita vya Shifta, kati ya miaka 1963 na 1967, Wabajuni wengi wa visiwani na wa pwani ya kaskazini waliyakimbia makazi yao wakaanza maisha upya Mombasa, Malindi na kwingineko. Wana wa Lamu wamekwenda Omani, Jeddah na Dubai kutafuta riziki. Wameendesha magari ya watu, wamelinda maduka ya watu, wamejenga nyumba ambazo hawatalala ndani yake. Fedha walizotuma zimelipa karo za shule. Huenda zimelipa na yako, wewe unayesoma. Je, ungependa kaka yako aambiwe huko, "Umetunyang'anya kazi"? Kama hungependa, basi usimwambie kaka wa mtu mwingine.

Sasa nirudi katika methali. Wahenga hawakusema siku ya tatu mfukuze, wala hawakusema siku ya tatu mwache akae bure. Walisema mpe jembe. Jembe lina mpini na lina ubapa, na methali hii nayo ina pande mbili. Upande mmoja unamfunga mwenyeji: akupokeaye lazima akupe nafasi ya kufanya kazi, tena akulipe unachostahili siku mliyopatana. Deni la fundi lisilolipwa ni wizi, hata kama mdaiwa ni mwenye mji na mdai ni mgeni. Upande wa pili unamfunga mgeni: yampasa alime pamoja na wenyeji, afuate sheria za mji, aheshimu mila zake, na hasa awafundishe vijana wake. Mgeni aliyekaa miaka 20 asiache hata mwanafunzi mmoja amekula akaacha meza tupu. Halmashauri zetu zingefanya vema kumtaka kila mkandarasi apewaye kazi ya umma, awe mwenyeji au mgeni, awachukue vijana wa mahali awafundishe kazi ile.

Napenda tumpime mtu kwa kipimo hicho, tukiache cha alikotoka. Pima anachokiacha. Ameacha madirisha yaliyonyooka? Ameacha vijana wawili waliojua kukata kioo? Basi amekuwa wetu, hata kama ulimi wake bado unajikwaa katika Kiamu. Na yule aliyezaliwa Mkomani katika nyumba ya mawe, akakaa barazani toka asubuhi mpaka jioni akiwahesabu wageni wanaoteremka gatini, ameacha nini?

Nawe mwanafunzi, shauri langu kwako si la kungoja. Likizo ijayo, badala ya kukaa na wanaolalamika, nenda karakanani. Mwamkie fundi kwa heshima, hata kama hujui kwao ni wapi. Mwombe akuruhusu kushika ncha ya utepe anapopima. Utarudi nyumbani na vidole vilivyochubuka. Usione haya, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Siku utakapokata kioo chako cha kwanza kikaingia dirishani pasipo kulazimishwa, utajua ya kuwa kazi ile haikunyang'anywa na mtu. Ilikuwa inakungoja, na aliyeitunza mpaka ukafika ni yule uliyemwita mgeni.